Paka mzee akila sana huku akikonda, si minyoo kila mara

KATIKA mashamba ya mahindi ya Rongai, Kaunti ya Nakuru, paka hafugwi ili apakatwe. Ana kazi yake. Mahindi yakishavunwa na kuingizwa ghalani, yeye ndiye mlinzi wa usiku dhidi ya panya, na ujira wake ni maziwa kidogo ng'ombe wanapokamwa alfajiri, makombo ya ugali na, siku ya bahati, omena. Akizeeka hupunguza mwendo, huhamia jikoni karibu na moto, na watu wa nyumba humwacha apumzike.

Ndiyo maana huwa ajabu paka aliyetimiza miaka 13 anapogeuka kuwa kama mtoto. Anamaliza chakula chake na kudai kingine. Anaruka mezani kunyakua nyama, jambo ambalo hakuwahi kulifanya ujanani. Usiku anazunguka nyumba akilia kwa sauti kubwa. Maji anayanywa kama aliyetoka safari. Lakini mbavu zake zinahesabika, mgongo umechongoka na manyoya yamekuwa matimutimu.

(Rongai inayozungumziwa hapa ni ile iliyo karibu na barabara kuu ya Nakuru kuelekea Eldoret, wala si Ongata Rongai ya Kaunti ya Kajiado.)

Wenye paka wa namna hiyo aghalabu husema ni uzee. Wengine husema ni minyoo, na hilo si wazo baya, kwani paka anayekula panya hakosi minyoo. Hununua dawa, wakampa. Mwezi unaofuata humpa tena. Paka anapozidi kukonda baada ya dozi ya tatu, huanza kushuku kwamba jirani amemlisha kitu. Ni wachache wanaofikiria kumshika shingo.

Na huko shingoni ndiko huenda chanzo kilipo. Chini kidogo ya koromeo, kila upande wa njia ya hewa, paka ana kijitezi kidogo. Viwili hivyo kwa pamoja ndivyo tezi ya thairoidi, sawa na ile aliyo nayo binadamu. Tezi hiyo huchukua madini ya iodini, ambayo wengine huyaita madini joto, kutoka kwenye chakula na kuyatumia kutengeneza homoni zinazoamua kasi ya mwili kutumia kile kilicholiwa. Paka mwenye afya hana uvimbe wowote unaoweza kuguswa hapo. Tezi inapokua na kuanza kumimina homoni bila kipimo, kila kiungo huenda mbio.

Anayepikia jiko la makaa ataelewa upesi. Jiko lililoachwa mlango wazi penye upepo hung'aa vizuri sana, lakini makaa huisha kabla ya maharagwe kuiva. Mwili wa paka huyu huchoma chakula kwa kasi kiasi kwamba kinachoingia mdomoni hakitoshi, hivyo basi huanza kuchoma mafuta, na mafuta yakiisha huchoma misuli. Moyo nao hulazimika kufuata mwendo huo. Moyo wa paka aliye mgonjwa hivi waweza kupiga zaidi ya mara 240 kwa dakika, na mpigo huo ukiendelea kwa miezi mingi, kuta za moyo hunenepa na hatimaye moyo huchoka. Wengine hupatwa na shinikizo la damu. Mishipa midogo nyuma ya macho hupasuka, na paka aliyekuwa akiona jana huamka leo akigonga miguu ya viti.

Si wote wanaofuata mkondo huo. Wapo wachache ambao, badala ya kuchangamka na kula, hunyong'onyea na kususia chakula. Hao aghalabu huwa ni wale ambao maradhi yamekwisha kuwadhoofisha moyo au wana ugonjwa mwingine juu ya huo. Kutapika na kuharisha pia huonekana kwa wengi.

Maradhi haya yana historia ya kustaajabisha kwa kuwa ni mageni. Ng'ombe, farasi na mbwa wamechunguzwa na madaktari kwa karne nyingi, lakini ugonjwa huu wa paka haukuelezwa rasmi hadi mwaka wa 1979, katika hospitali ya wanyama ya Animal Medical Center jijini New York, Marekani, ambako daktari Mark Peterson alikuwa miongoni mwa walioubainisha. Katika miaka iliyofuata ulianza kuonekana kila mahali huko Marekani na Ulaya. Leo ndio ugonjwa wa homoni unaowapata paka wazee wengi zaidi katika nchi hizo. Inakadiriwa kwamba huko, katika kila paka 10 waliozidi umri wa miaka 10, mmoja anaweza kuwa nao. Wanaopatikana nao wengi huwa na umri wa miaka 12 au 13. Chini ya miaka 8 ni nadra. Mbwa, kwa upande wake, huugua kinyume chake: tezi yake hulegea, akanenepa na kulala mchana kutwa.

Kwa nini ugonjwa ambao haukujulikana ulienea ghafla hivyo? Sehemu ya jibu ni kwamba paka walianza kuishi muda mrefu na madaktari wakajua cha kutafuta. Lakini watafiti wengi hawatosheki na jibu hilo pekee. Uchunguzi mwingi umeonyesha kwamba paka wanaolishwa vyakula vya mkebe na wanaoishi ndani ya nyumba hupatwa zaidi. Hapo macho yakaelekezwa kwenye kemikali zinazopakwa ndani ya mikebe, kwenye soya inayochanganywa katika vyakula hivyo na kwenye kiwango cha iodini ambacho hupanda na kushuka kutoka mkebe mmoja hadi mwingine. Mnamo 2007, watafiti wa Marekani waliripoti kwamba damu ya paka wa majumbani ilikuwa na viwango vikubwa sana vya kemikali zinazotiwa kwenye sponji za makochi na vifaa vya umeme ili visishike moto upesi. Kemikali hizo huwa katika vumbi la nyumba, na paka, ambaye hujisafisha kwa kujilamba, hulimeza vumbi hilo kila siku. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyothibitishwa kuwa ndiyo chanzo chenyewe. Yamkini ni mchanganyiko wa mambo mengi yanayojilimbikiza katika maisha marefu.

Paka wa ghalani Rongai hana kochi, wala hajawahi kuonja chakula cha mkebe. Isitoshe, wengi wao hawafikii umri wa kuugua maradhi haya: sumu ya panya, magari ya barabara kuu na mbwa wa jirani huwamaliza mapema. Hata hivyo, maumbile ya tezi yake si tofauti na ya paka wa New York, na akibahatika kufika miaka 12 hana kinga. Kadhalika, maisha yanabadilika. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji Desemba 1, 2021, na mitaa mipya inazidi kusonga hadi maeneo yaliyokuwa mashamba. Paka wa nyumba hizo halindi mahindi. Analala sebuleni, anakula kilichonunuliwa dukani na kupelekwa kuchanjwa. Huyo ndiye atakayezeeka.

Msomaji aliyezaliwa katika nyanda za juu atauliza iwapo hili si rovu, ule uvimbe wa shingo ambao wazee waliufahamu vyema kabla ya serikali kuamuru, katika miaka ya 1970, kwamba chumvi ya kupikia itiwe iodini. Sivyo. Rovu ile hutokana na upungufu wa iodini: tezi hukua ikijaribu kukusanya madini ambayo hayapo. Ya paka hukua yenyewe na kuzalisha homoni hata pale mwili unapoitaka iache. Inashabihiana zaidi na uvimbe wa vinundu ambao huwapata baadhi ya wanadamu uzeeni na kuwafanya wakonde, watetemeke na kuhisi joto. Katika paka karibu wote uvimbe huo si saratani. Saratani ya tezi huwapata wachache sana miongoni mwa wagonjwa. Wapo pia watakaoyashuku maji ya Nakuru, ambayo floraidi yake imewaachia watu wengi wa Bonde la Ufa meno ya rangi ya kahawia. Haijathibitishwa kwamba floraidi huwaletea paka maradhi haya.

Kumgusa paka shingo si kazi ngumu kwa aliye mtulivu. Aketi, kichwa kiinuliwe kidogo, kisha kidole gumba na cha shahada vishuke polepole kila upande wa njia ya hewa, kutoka kooni hadi kifuani. Kitu kilicho kama punje ya harage kikiteleza chini ya kidole, hiyo ni sababu ya kutosha ya kumwona daktari wa mifugo. Lakini kutokipata hakumaanishi kwamba paka ni mzima, kwa kuwa tezi iliyokua huwa nzito na yaweza kuzama hadi kifuani mahali ambapo kidole hakifiki.

Tahadhari moja ni ya lazima. Paka anayelia usiku, anayezunguka bila kutulia na kuwa mkali ghafla aweza kuwa na kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao Kenya ilijiwekea mpango wa kuutokomeza kati ya 2014 na 2030. Tezi humbadilisha paka polepole, kwa miezi. Kichaa cha mbwa humbadilisha kwa siku chache, na huishia katika kupooza na kifo. Paka ambaye hajachanjwa, aliyebadilika ndani ya wiki moja, asishikwe shingo na mtu yeyote. Aliyeumwa au kuparurwa naye aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitalini siku hiyo hiyo.

Hata kwa paka aliye mpole, dalili pekee hazitoshi. Kisukari humfanya paka ale, anywe maji na kukonda vivyo hivyo. Figo zilizochakaa humfanya anywe na kukojoa mno. Saratani ya utumbo humkondesha. Meno yaliyooza humfanya alilie chakula kisha akiache. Kinachotenganisha haya ni damu. Kipimo kikuu hupima homoni ya thairoidi iitwayo T4. Ikiwa juu ya kiwango, katika paka mzee mwenye dalili hizo, jawabu limepatikana. Mara nyingine kiwango huwa katikati, na daktari huamua kurudia kipimo baada ya wiki kadhaa.

Hapo ndipo njia ya mtu wa Rongai inapokuwa ndefu. Katiba ya 2010 ilizikabidhi serikali za kaunti huduma za mifugo pamoja na ustawi na matunzo ya wanyama, na tangu 2013 kaunti ndizo zinazosimamia kazi hiyo mashinani. Katika eneo la maziwa, mahindi na mkonge, ni jambo la kueleweka kwamba ng'ombe hutangulia. Mhudumu akija na pikipiki yake, amekuja kwa ajili ya ndama, homa ya kupe au upandishaji wa mbegu. Akionyeshwa paka aliyekonda atatoa dawa ya minyoo, kwa kuwa ndiyo aliyo nayo mfukoni. Sheria ya 2011 inayosimamia taaluma hiyo hutofautisha daktari wa mifugo aliyehitimu na wasaidizi wake, na ugonjwa huu unamhitaji daktari.

Lakini si lazima paka asafirishwe hadi Nairobi, mwendo wa kilomita 160 na ushei kutoka Nakuru, akilia ndani ya kikapu kwenye matatu. Daktari aweza kumtoa damu papo hapo, akatenganisha majimaji yake na kuyahifadhi kwenye baridi, na homoni hiyo ikadumu kwa siku kadhaa hadi ifike maabara. Sampuli husafiri, mgonjwa akabaki nyumbani. Anayehitaji uchunguzi mkubwa zaidi anaweza kuelekea Kabete, kiliko kitivo cha tiba ya wanyama cha Chuo Kikuu cha Nairobi, ambacho huwatibu wanyama wadogo pia.

Damu hiyo hiyo ipimwe figo. Hili ndilo jambo ambalo wengi hulisahau, na ndilo linaloweza kugeuza tiba kuwa balaa.

Moyo unaokwenda mbio husukuma damu nyingi kupita kwenye figo. Figo zilizochakaa, ambazo paka wengi wazee wanazo, hupata nguvu ya bandia kutokana na msukumo huo. Ni sawa na bomba lililoziba nusu: maji yakisukumwa kwa nguvu hupita, na mwenye nyumba hajui kwamba kuna mziba. Vilevile paka aliyekonda amepoteza misuli, na uchafu ambao madaktari huupima katika damu ili kujua hali ya figo hutoka kwenye misuli. Matokeo yake yataonekana mazuri ilhali figo zenyewe ni mbovu. Tezi ikitulizwa ghafla, msukumo hushuka na ubovu huo hujitokeza. Paka aliyeletwa akiwa na maradhi mamoja anaonekana kupewa ya pili na daktari, na lawama huanza.

Daktari mwenye uzoefu hulijua hilo, kwa hivyo huanza na dozi ndogo, hurudia vipimo vya T4 na figo baada ya wiki mbili hadi nne, kisha huongeza kidogo kidogo. Mwenye paka anapaswa kuambiwa mapema kwamba matokeo ya kwanza ya figo si neno la mwisho.

Tiba zenyewe ni nne. Iliyo bora kwa kuponya ni iodini yenye mionzi, inayodungwa mara moja. Tezi iliyokua huinyonya kwa pupa, mionzi ikaiunguza, na karibu paka 95 kati ya 100 hupona. Ila huhitaji kituo chenye kibali cha kushughulikia mionzi na mahali pa kumtenga paka hadi mionzi ipungue, mambo ambayo hayatafutwi mashambani. Ya pili ni upasuaji wa kuondoa tezi. Huponya pia, lakini kando ya thairoidi kuna vitezi vidogo vinavyosimamia kalisi ya damu, na vikiharibiwa paka huweza kupata mitukutiko na kufa. Juu ya hayo, kumlaza kwa dawa ya usingizi mzee mwenye moyo unaokimbia si mchezo. Ya tatu ni chakula maalumu kilichopunguzwa iodini. Hufaa, kwa sharti kwamba paka asile kitu kingine chochote. Masharti hayo labda humfaa paka wa ghorofani. Wa Rongai atakula chakula chake maalumu mchana, na usiku ataingia ghalani kumla panya mwenye iodini yake kamili.

Inabaki ya nne, nayo ni vidonge. Dawa iitwayo methimazole huzuia tezi kutengeneza homoni. Carbimazole, inayotumiwa na watu wenye maradhi ya thairoidi, hugeuka kuwa methimazole mwilini. Kwa sababu hiyo, yapo majumba ambamo dawa hiyo imo kabatini kwa ajili ya mama au nyanya, na kishawishi cha kummegea paka ni kikubwa. Kishawishi hicho kiepukwe. Kipimo cha binadamu si cha mnyama wa kilo 3, na dawa hii huweza kushusha chembe nyeupe za damu, kuumiza ini na kuleta mwasho mkali wa uso unaomfanya paka ajikwaruze hadi atoke damu. Madhara hayo hujitokeza zaidi katika miezi mitatu ya mwanzo, wakati ambapo daktari anatakiwa awe karibu. Fauka ya hayo, mama mjamzito asishike vidonge vilivyosagwa wala kusafisha kinyesi cha paka anayevitumia, kwa kuwa dawa hiyo huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Kidonge kitiwe kizima ndani ya kipande cha samaki.

Vidonge haviponyi. Hutuliza tu, na vikikatizwa homoni hupanda tena baada ya siku chache. Ni kazi ya kila siku kwa umri uliobakia, na kuna familia ambazo, baada ya kupiga hesabu ya karo, mbolea na dawa, zitaona haziwezi. Zisitahayari kumwambia daktari hivyo. Kumlaza paka kwa sindano, kazi ya dakika chache, ni afadhali kuliko kumtia kwenye gunia na kumwacha kando ya barabara ya Salgaa, ambako njaa isiyokwisha itamtesa kwa wiki kadhaa. Lakini aliyegunduliwa mapema, figo zake zikiwa bado zina nguvu, huweza kuishi miaka miwili, mitatu au zaidi, akinenepa tena na kulala usiku.

Kugundua mapema hakuhitaji maabara. Kunahitaji mizani. Ile ya kuning'inizia magunia ya mahindi haisaidii, kwa kuwa mnyama huyu ni mdogo mno kwake. Aliye na mizani ya kusimamia ajipime akiwa amembeba paka, kisha ajipime peke yake na kutoa. Aliye na mizani ya jikoni amweke ndani ya karai. Uzito huo uandikwe kwenye kalenda ya ukutani kila mwezi tangu paka anapotimiza miaka 10. Aliyekuwa na kilo 4.5 mwezi wa Januari akawa na kilo 3.5 mwezi wa Juni amepoteza zaidi ya sehemu moja kati ya tano ya mwili wake, sawa na mtu wa kilo 70 kupungua kilo 15. Jicho linalomwona kila siku halitatambua. Kalenda hiyo ibanduliwe ukutani na kupelekwa kwa daktari pamoja na paka.